Jina Lililouzwa

Mfilisi alikuja Jumanne, amevaa koti la mvua,
akalitundika kwenye mashine yangu.
Hakuuliza ni ya nani.
Mkononi roli ya vibandiko vya njano,
kila alichokigusa akakipa namba:
kiti, namba; kabati, namba; saa ya ukutani
iliyochelewa dakika nne tangu enzi za Lothar, namba.
Birika letu la chai nililitia kwapani.
Hili, nikamwambia, ni la Irmgard,
na Irmgard hayumo katika daftari lako.

Miaka thelathini na mmoja nimesokota shaba.
Uzi mwembamba kuliko unywele wa mtoto,
mizunguko elfu mbili mia nne, na usikatike.
Ukikatika, anza upya. Koili haina fundo:
fundo hukwaruza ndani ya redio,
na mwenye redio, huko Lisbon au Bergen,
atadhani ni mvua.

Nilikuja kwa treni, siku tatu, nimekalia sanduku.
Istanbul daktari alinifungua kinywa, akahesabu meno,
akanikunjua vidole kimoja kimoja.
Vidole vilifaulu.
Ebenhoch ilitaka vidole.

Siku hizo Ebenhoch ilikuwa Ebenhoch!
King'ora cha saa kumi na mbili, na Fürth nzima ikirekebisha saa,
baiskeli elfu nane langoni,
redio za mbao za mjozi, zimesuguliwa hadi unajiona,
na mzee Ebenhoch mwenyewe, sigara isiyowashwa mdomoni,
akipita kati ya meza akituita kwa majina,
langu akilikosea kila mara. Zakia. Zikaye.
Nikaitika.

Nani alijua kampuni hung'oka kama meno?
Leo moja, na kesho umezoea kutafunia upande wa pili.
Kwanza waliuza betri. Tukasema, betri si sisi.
Kisha mashine za kuandikia. Kisha kanda.
Kisha televisheni wakapewa wageni wa mbali,
waliotuinamia kwa adabu, wakapiga picha hata mabomba.
Kila mara tulipewa keki na hotuba.
"Tunapunguza uzito ili tukimbie," alisema mkurugenzi,
wa nne katika miaka sita.
Irmgard akaninong'oneza: hata kuku aliyenyonyolewa ni mwepesi.

Cha mwisho kuuzwa kilikuwa jina.
Sikuelewa. Nikamuuliza mfilisi: jina lina uzito gani?
Akanigeuzia karatasi.
Bei ya jina ilizidi majengo, ilizidi mashine,
ilituzidi sisi.
Sisi tulikuwa kwenye safu ya madeni.

Jina likanunuliwa. Likasafiri.
Machi akapiga simu Nesrin, mtoto wa mdogo wangu, kutoka Manisa:
Mama mkubwa, Serhat kapata kazi!
Kiwanda kipya, mabasi meupe, chakula cha mchana bure.
Wanatengeneza nini? Televisheni.
Za nani?
Akasoma kwenye beji, herufi kwa herufi,
akilivunja jina la mzee
kama mzee alivyolivunja langu.

Nikakaa chini.
Siku tatu za treni, meno yaliyohesabiwa,
mama aliyezikwa mimi nikiwa zamu ya usiku,
na kumbe kazi ilikuwa ikiijua njia ya kwetu.
Sijui nilicheka au nilifanya nini.
Nesrin alikuwa akiita, halo, halo, simu imekatika?

Haijakatika.
Mwambie Serhat, nikasema, avae soksi nzito, sakafu ina baridi.
Asikunje mgongo. Na uzi ukikatika asifunge fundo.
Uzi gani, mama mkubwa! Kazi yote inafanywa na mkono wa chuma,
yeye yuko mwishoni mwa mstari, anabandika.
Anabandika nini?
Jina. Anabandika jina.
Elfu mbili mia nne kwa zamu moja, kaniambia,
na hata moja halijapinda.